Nilimshika mdogo wangu akitoa povu la kifafa, watu wakakaa kusubiri na mimi nianguke

Wakuu, salamu kutoka Kasongo, Maniema, huku Congo.

Mimi humu ni msomaji wa kimya. Leo naandika kwa sababu nimekuta uzi mtu anauliza kama kifafa kinaambukiza kwa povu, na majibu niliyoyaona pale yamenikosesha usingizi. Ninayowaandikia yamenipata mimi mwenyewe, siongezi chumvi. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Kazi yangu ni motari, yaani mwendesha pikipiki. Nabeba abiria na mizigo kutoka Kasongo kwenda upande wa Kabambare. Njia yenyewe msiniulize. Mvua ikinyesha, wewe ndiye unaibeba pikipiki.

Nilikuwa na mdogo wangu wa kike, nitamwita Salima. Alianza kuanguka akiwa bado anaota meno ya pili.

Kwetu kila mtu anajua, au anadhani anajua, kwamba ugonjwa wa kuanguka unakaa kwenye povu. Mgonjwa akianguka usimguse. Povu likikupata, na wewe utaanguka maisha yako yote. Hiyo hukufundishwa na mtu mmoja, umekua nayo kama ulivyokua na lugha.

Basi Salima alikuwa na sahani yake ya bati na kikombe chake. Vilikaa juu ya ukuta wa jiko, mbali na vyombo vingine. Sisi tulikula bukari, ugali wetu, pamoja kwenye sinia moja, yeye pembeni na sahani yake.

Akianguka, mtu anapiga kelele, wote tunarudi nyuma tunafanya duara. Hata mbuzi wanavutwa mbali. Mama yangu alikuwa analia na kumtupia kitenge kwa mbali, apate kusitirika. Mama yake mzazi, wakuu. Alimpenda sana mtoto wake, na hakuwahi kumshika akiwa katika hali ile.

Salima alikua, akaolewa Lusangi, njia hiyohiyo ya Kabambare, na mkulima wa mpunga, nitamwita Ramazani. Jamaa alijua ugonjwa wa mke wake, akamchukua hivyo hivyo. Watu walimcheka. Yeye akawa anacheka nao na kuendelea na shamba lake.

Sasa mwaka mmoja Salima alikuja kwetu kula Idi. Sikukuu ikaisha, nikambeba kwenye pikipiki kumrudisha kwa mume.

Tulikuwa katikati ya msitu, hakuna nyumba. Nikasikia mikono yake imenibana tumboni. Nikadhani anaogopa utelezi, nikamtania, nikamwambia hata mume wako hajawahi kukumbatiwa hivi.

Hakujibu. Akaanza kutetemeka.

Tulianguka wote. Pikipiki ilienda upande wake, mimi upande wangu, na Salima akaangukia kwenye mfereji uliochimbwa na magurudumu ya malori. Mle ndani kulikuwa na maji ya mvua. Uso wake ulikuwa chini.

Nilisimama. Mwili wangu ulikuwa umeshafundishwa kurudi nyuma, na nilirudi hatua kadhaa kabla sijajua ninafanya nini.

Halafu nikaona viputo vinatoka kwenye yale maji ya tope.

Sikufikiria kitu. Nilimwendea, nikamgeuza ubavu, nikamshika kichwa kisigonge mawe. Povu lilinijaa mikononi, likaniingia mpaka shingoni, kwa sababu nilimlaza begani kwangu. Ndiyo mara ya kwanza nilijua kwamba mdogo wangu akianguka anakuwa wa moto namna ile. Nilikuwa na umri wa mtu mwenye watoto, na sikuwa nalijua hilo.

Wakapita watu wawili wanasukuma baiskeli zenye magunia. Walituona. Waliacha njia, wakaingia kwenye majani na baiskeli zao, wakatuzunguka. Mmoja akaniambia kwa mbali, "Muachilie, ndugu! Ile povu imekwisha kukupata. Unatafuta nini tena?"

Salima alipofungua macho aliona ninavyomshika, akaanza kulia. "Yaya, juu ya nini umenigusa?" Yaya kwetu ni kaka mkubwa. "Watoto yako sasa?"

Yaani mtu ametoka kufa majini, na anachowaza ni watoto wangu.

Habari ilifika Lusangi kabla yetu. Ikafika na Kasongo kabla sijarudi.

Hapo ndipo nilipoanza kusubiriwa.

Wakuu, sijui niwaelezeje kusubiriwa. Abiria walikuwa wanapita pikipiki yangu wanaenda kwa mwenzangu wa nyuma. Nikipiga chafya msikitini, mtu wa pembeni anasogea. Usiku nikishtuka usingizini kidogo tu, bibi yangu, yaani mke wangu, anakaa kitandani ananitazama.

Na mimi mwenyewe nilikuwa najisubiri. Nikisikia kizunguzungu cha njaa, nasema ndiyo hii imekuja.

Bibi yangu ni mtu mzuri, simsemi vibaya. Lakini siku moja nilirudi nyumbani, nikakuta sombe, yaani kisamvu, na bukari yangu viko kwenye sahani ya bati, peke yangu. Sinia liko kule na watoto. Nilikula. Niliona uchungu ambao sijawahi kuuona, na Salima alikuwa ameula kila siku tangu utoto wake.

Mvua zikapita, kiangazi kikapita, mvua zikarudi. Sikuanguka.

Nikaamua kwenda kituo cha afya kumuuliza muuguzi. Aliniuliza swali moja tu: "Ungekuwa unaambukiza, mimi ningekuwa nimeanguka mara ngapi?" Akanieleza kwamba ni ugonjwa wa ubongo, hauko kwenye povu wala kwenye sahani. Akasema kuna vidonge vya kumeza kila siku bila kuacha, na mtu anaweza kukaa vizuri kabisa.

Nilikasirika, wakuu. Sikumkasirikia muuguzi. Nilikasirika kwamba kituo kile nimepita mbele yake miaka yote na abiria wangu, na sikuwahi kuuliza.

Nilimleta Salima akapimwa, akaanza vidonge. Kila nikienda upande ule nampelekea vingine. Akaacha kuanguka. Akanenepa. Siku moja nimefika kwake nikamkuta anakula sinia moja na Ramazani, wanagombania kichwa cha samaki, nikageuka nyuma nikajifanya nakagua tairi.

Nikadhani sasa watu wameona. Mimi hapa nimeshika povu, mzima. Yeye yule, mzima.

Hamjui watu!

Wengine wakasema sikuanguka kwa sababu mimi na Salima ni damu moja, ugonjwa haudhuru damu yake. Wengine wakasema ni lile tope, lilinisafisha palepale. Mama mkwe wangu alisema ugonjwa uko ndani yangu, umelala tu. Kila ushahidi nilioutoa waliupatia mlango wa kutokea. Nilikuwa nabishana mpaka sauti inakauka, wao wananitazama kwa huruma.

Bibi yangu alinirudisha kwenye sinia. Huyo peke yake ndiye niliyemshinda, na nadhani hata yeye alichoka tu.

Sasa nifike pale ambapo sikutaka kufika.

Msimu wa mvua uliofuata, daraja la magogo lilichukuliwa na maji. Pikipiki hazikupita kwa muda. Vidonge vya Salima vilikwisha, na kwenye kituo cha kule kwao havikuwepo. Mimi nilikuwa navyo nyumbani Kasongo, kwenye mfuko wa nailoni, nasubiri daraja litengenezwe. Nilijua hatakiwi kuacha. Nikajiambia wiki hii hii litakuwa tayari.

Huko Lusangi wanawake wanaloweka mihogo kwenye kijito, inalainika ndipo wanaimenya. Asubuhi moja Salima alikwenda kutoa mihogo yake. Alikuwa na wenzake wawili. Mmoja nitamwita Mama Sifa, jirani yake, rafiki yake wa kusukana nywele.

Akaanguka mle majini.

Maji yenyewe ni ya magotini.

Wale wanawake walipiga kelele. Mmoja akakimbia shambani kumwita Ramazani. Mama Sifa akabaki ukingoni, anaita jina lake. Mpaka Ramazani anafika mbio, anaingia, anamtoa, ilikuwa imekwisha.

Nilipigiwa simu. Pikipiki niliiacha upande wa huku wa daraja, nikavuka kwa miguu juu ya magogo yaliyobaki, motari mwingine akanibeba. Walikuwa wananisubiri mimi ili wazike.

Nilifika wanamwosha. Walikuwa wamezungusha vitenge uani, nyuma yake nasikia maji yanamwagwa polepole na wanawake wanaongea chini chini. Nilikaa kwenye kigogo na mfuko wangu wa vidonge mkononi. Nilikuja navyo, hata sijui kwa nini.

Baadaye akatoka Mama Sifa. Mikono imelowa mpaka viwikoni, ananuka karafuu maiti.

Nikamuuliza, "Ni weye umemuosha?"

"Ni mimi. Nimemuosha kichwa, nimemusuka na nywele."

"Leo hauogopi?"

Akasema, taratibu kama mtu anayemweleza mtoto, "Sasa haina neno, yaya. Ugonjwa inaenda na roho. Mufu haambukize mutu."

Nilitaka kumpiga. Nasema ukweli, mkono ulikuwa umeshakunja ngumi.

Nikamwambia, "Mimi nilimushika. Mulijua wote. Sikuanguka."

"Weye ni damu yake." Halafu akakaa chini, palepale kwenye udongo, na zile nguo zake zilizolowa. "Nilinyoosha mukono. Sikudanganye. Iko karibu, ningemukamata kitenge. Nikakumbuka watoto yangu, nikarudisha mukono. Alikuwa rafiki yangu, yaya. Kama unataka kunipiga, nipige."

Sikumpiga. Niliutazama ule mkono wake. Niliwaza kwamba siku ile, kwenye ule mfereji wa tope, mimi nilirudi nyuma hatua zilezile. Tofauti yangu na yeye ni vile viputo. Niliviona kwa wakati. Basi.

Sikumsamehe siku ile. Mpaka leo tukikutana tunasalimiana, na kila mmoja anatazama pengine.

Nimejifunza nini? Watu wanasema uzoefu ni mwalimu. Kwangu alinifundisha mimi tu, wengine alikataa kuwafundisha. Niliishi nikiwa ushahidi unaotembea, na haukumfaa Salima hata kidogo. Ndiyo maana naandika, labda mmoja wenu ataamini bila kusubiri yamkute.

Ukiona mtu ameanguka, mwondoe kwenye maji na kwenye moto. Mlaze ubavu, mwekee kitu laini chini ya kichwa. Usimtie kijiko wala chochote mdomoni. Kaa naye mpaka arudi. Akiwa anameza vidonge, visikatike hata siku moja, na kama daraja limevunjika, vuka kwa miguu. Mimi nilivuka. Nilivuka nimechelewa.

Ile sahani ya bati ya Salima niliichukua kwa mama. Ndiyo ninayolia chakula, kwa hiari yangu sasa, na mwanangu mdogo hupenda kuja kuchovya mumo humo. Simzuii.

Wanaotaka kubisha wabishe, nitajibu kila mtu bila matusi. Ila kuna mmoja ninayemtafuta humu. Mama Sifa alinyoosha mkono akaurudisha. Kama yuko ambaye hakuurudisha, na yeye hakuwa damu ya mgonjwa, aandike hapa chini, nimpelekee Mama Sifa asome.