Sampuli ya Kuletewa

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kalamu wala muhuri. Nilivalishwa spika za masikioni, nikakalishwa mbele ya kipokezi, na Mkaguzi Mwandamizi akaniambia nisikilize mpaka saa ya chakula. Ofisi yetu ya Tarime ilikuwa chumba kimoja nyuma ya maduka. Mimi ni mzaliwa wa Nkende, hapo hapo mjini, na nilikuwa nimevaa viatu vipya vilivyonibana. Nilidhani kazi ya serikali ingekuwa na makeke zaidi.

"Umesikia nini?" aliniuliza mchana.

"Mikwaruzo, mzee. Na mtu anauliza bei ya saruji."

"Basi umeshaanza kazi. Kukamata watu kutakuja kwenyewe. Kwanza ujue kusikia."

Niwaeleze vijana kazi yenyewe. Kila kifaa kinachorusha mawimbi, kuanzia redio ya upepo hadi rimoti ya geti, lazima kipate idhini kabla ya kuuzwa nchini. Tulipima kama kinakaa kwenye masafa yake, kama nguvu yake haizidi kiwango, na kama kinamwaga uchafu. "Uchafu" ni neno la Mkaguzi Mwandamizi. Alimaanisha mawimbi ya pembeni, yanayotoka bila kutumwa na kuingia kwenye masafa ya wengine. Kifaa kikifaulu kinapata cheti na namba, na namba inachapwa kwenye stika. Stika hizo ndizo zilizonipa jina. Hadi leo ukiuliza sokoni jina langu la ubatizo watakukodolea macho. Ulizia Mama Stika, utaletwa mpaka mlangoni.

Ila hatukupima kila kifaa. Tulipima kimoja au viwili, tulivyoviita sampuli, na kwa cheti hicho wenzake wote wa aina ile wakaruhusiwa kuingia madukani. Jambo hili lishikeni, maana ndilo lililonikuta.

Dhahabu ilipopamba moto, watu walimiminika kutoka Musoma, Geita na ng'ambo ya mpaka wa Sirari. Maduara, ndivyo wachimbaji wanavyoita mashimo yao, yalichimbwa hata katikati ya mihogo. Simu za mkononi zilikuwa hazijafika huku kwetu. Mwenye duara alitaka kuongea na mtu wake wa karasha, ile mashine ya kusagia mawe, bila kutuma mtu mbio. Woki-toki zikawa zinagombewa kama njugu.

Aliyezileta kwa wingi ni Mzee Marwa, mwenye duka la vifaa vya umeme, rafiki wa baba yangu. Alikuja ofisini na sampuli mbili zimefungwa kwenye kitambaa cheupe.

"Shikamoo, tata," nilimwamkia, kama ninavyomwamkia baba.

"Marahaba, mwanangu. Pima vizuri. Usinionee aibu sababu ya baba yako."

Nilipima siku mbili, sikuona uchafu hata chembe. Nikasaini. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusaini bila Mkaguzi Mwandamizi kuweka saini yake juu ya yangu, na siku ile nilitembea Tarime nzima kichwa juu.

Miezi ikapita. Asubuhi moja akaja mkunga wa zahanati moja ya upande wa Itiryo. Zahanati yake ilikuwa na redio ya upepo ya kuitia gari la wagonjwa kutoka Tarime. Nilimpa kiti, hakukaa.

"Mama anaitwa Bhoke alikuwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya," alisema. "Nimeita gari. Tarime wanasema rudia, rudia. Na mimi unajua nasikia nini? Mtu anaagiza kamba! Saa tatu nzima, dada, mtu anaagiza kamba na maji ya kunywa!"

Bhoke alipona. Mtoto hakupona.

Tulichukua gari la ofisi na antena ya kutafutia mwelekeo, tukapanda vilima vya Itiryo. Niliweka kipokezi kwenye masafa ya zahanati, na sauti za wachimbaji zikaingia wazi kabisa. Tukazifuata hadi kwenye maduara. Pale nikamwomba msimamizi woki-toki yake, nikaigeuza. Stika yangu. Namba niliyosaini mimi. Nikafungua mgongo wake kwa bisibisi. Kwenye sampuli nilizopima kulikuwa na koili tatu za kuchuja uchafu. Humu koili hazikuwepo, zimebaki alama za lehemu tu. Nikakaa juu ya kiroba cha mawe.

Mama mmoja aliyekuwa anaponda mawe karibu yangu aliacha nyundo, akauliza nina nini. Nikamweleza: niliyopima ilikuwa nzuri, hii ni nyingine.

"Hiyo ya kupima ulichukua mwenyewe, ama uliletewa?"

"Nililetewa."

Akacheka, bila ubaya. "Ah! Hapa mtu akikuletea jiwe kwa mkono, anasema mzigo wote uko hivi, unamwambia asante. Halafu unaenda kwa viroba vyake, unachagua mwenyewe, kile cha chini kabisa. Serikali haijui hiyo?"

Serikali nilikuwa mimi, na sikujua.

Nilikwenda kwa Mzee Marwa nikiwa na hasira ya kumtafuna. Akanisikiliza mpaka mwisho, macho yakamtoka.

"Mwanangu, hizo mbili zilikuja kwa boksi yake peke yake. Nikaona ni nzuri zaidi, nikasema hizi ndiyo za ofisi. Mgeni unamchinjia kuku aliyenona. Sasa ningekuletea mgonjwa wa mdondo?"

Hakuwa ananitania. Aliyemchezea ni aliyemuuzia mzigo. Yeye alituheshimu tu, kama alivyolelewa. Mzee wa watu aliposikia habari ya mtoto alifunga duka, akapanda baiskeli yake na kuzunguka maduara, akizikusanya zile woki-toki moja moja.

Meneja wa Kanda akaja kutoka Mwanza. Alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo lililonipa shida.

"Andika kwamba mfanyabiashara alituhadaa," aliniambia. "Cheti kifutwe, jambo liishe."

"Yeye alileta alichoombwa, mkuu. Aliyepaswa kwenda dukani kuchagua ni mimi."

"Kanuni haikukuambia uende dukani."

"Haikunikataza."

"Ukiandika hivyo, barua ya onyo itakuwa na jina lako. Na hapa Tarime hutabaki."

Niliogopa, sitaficha. Wadogo zangu wawili walikuwa wanasoma kwa kazi ile. Lakini kila nikishika kalamu niliisikia sauti ya yule mtu akiagiza kamba. Nikaandika hivyo.

Kabla ya kuondoka nilikwenda Itiryo. Bhoke alikuwa uani anapukuchua mahindi. Nikamweleza yote: sampuli ya kuletewa, saini yangu, na maneno ya mama wa maduara kwamba sampuli unaichagua mwenyewe, huletewi.

"Kwa hiyo ilikuwa na namba yako," alisema.

"Ilikuwa na namba yangu."

Alisogeza kikapu cha mahindi katikati yetu. Tukapukuchua mpaka mahindi yakaisha, ndipo nikaaga.

Nilihamishiwa Mugumu, Serengeti. Huko nilikagua redio za kambi za watalii na za magari yao. Mkuu wa Kituo alikuwa mzee wa maneno machache. Nilipomwomba ruhusa ya kuchukua sampuli mwenyewe madukani, alisema, "Chukua." Basi nilikuwa naingia stoo, naomba boksi la chini kabisa. Wauza vifaa walilalamika kwamba Mama Stika anachagua redio kama anachagua nyanya. Miaka mingi baadaye utaratibu huo uliingia kwenye kanuni, umeandikwa kwa lugha nzuri. Hakuna aliyeniuliza, nami sikudai.

Nilirudi Tarime nikiwa Mkaguzi Mwandamizi, nikakuta simu za mkononi zimejaa mpaka kwenye vibanda vya vocha. Nikastaafia hapo. Sasa niko Nkende na kuku wangu, na vijana wa ofisini wakinitembelea huniambia kwamba siku hizi maombi yanapitia kwenye kompyuta. Ni vizuri. Lakini kompyuta nayo huletewa. Stika ni neno la mtu, na asiyeingia stoo kuona anatoa neno juu ya kitu asichokijua.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, siku ya gulio, Bhoke aliingia ofisini. Nilimtambua kabla hajaketi. Alikuwa na binti yake mkubwa, mjamzito, anakaribia siku zake. Akaweka mezani simu mpya ikiwa bado kwenye boksi.

"Mama Stika," alisema. "Aina hii ulichagua mwenyewe, ama uliletewa?"

Nikasoma namba ya stika. Niliikumbuka.

"Nilichagua mwenyewe. Boksi la chini kabisa."

Aliigeuza, akapitisha kidole juu ya stika, kisha akamkabidhi binti yake.

"Chukua," alimwambia. "Hii ukiita, watasikia."