Mtungi wa Mdomo Mpana

Sahani Bun-rye alizifinyanga bila taabu. Mtungi wa soya ndio uliomshinda, maana haufinyangiki mpaka utumbukize mkono hadi kwapani: mmoja ndani umeshika kigogo, mwingine nje unapiga kwa kibao. Udongo ulikuwa baridi, unateleza. Kila alipogusa ukuta wa ndani, roho ilimchafuka na mate yakamjaa kinywani.

Utotoni alilelewa na shangazi yake. Kazi yake ilikuwa kufunua mtungi asubuhi, soya inayochachushwa ipate jua, na kuufunika kabla ya jioni. Siku moja akanogewa na mchezo, akasahau. Nzi wakataga. Funza walipojaa, shangazi hakumpa kijiko. Alimpandisha juu ya jiwe, akamkandamiza kisogo.

"Toa kwa mkono, mmoja mmoja. Na usinitapikie humo, bibie."

Walikuwa laini, wakijipinda katikati ya vidole. Jioni akapewa mchuzi wa soya ileile, akaambiwa amalize bakuli.

Tangu hapo hakuwahi kuchachusha soya nyumbani kwake. Sasa bintiye Seon-ok ana mimba na hataki ya dukani. Anataka ya mama. Ndipo Bun-rye, na mvi zake, akaja hapa Gangjin, huku kusini, kwa Fundi Heo, kujifunza kufinyanga mtungi wake mwenyewe.

"Mama, mbona umekunja uso kama aliyemeza mende?" Heo alimuuliza.

"Ndani humu mnatia kinyaa."

"Ni udongo tu, mama."

"Najua ni udongo."

Akatoka, akatapika nyuma ya tanuri, akasukutua, akarudi. Akatumbukiza mkono. Safari hii alipiga kwa hasira, akiiona mikono ya shangazi yenye harufu ya vitunguu saumu, na kila alivyopandisha ukuta ndivyo alivyoupanua.

"Hilo sasa beseni," Heo akasema. "Mdomo mpana ni wa watu wa kaskazini. Kwa jua letu la huku, soya itakauka."

"Ikikauka nitaongeza maji ya chumvi. Mimi nataka kuona mpaka chini."

"Haya. Na kuufunika kila jioni?"

"Nitafunika mwenyewe. Mjukuu wangu hatatumwa."

Akauchomoa mkono, mweusi hadi kwapani. Akaunusa, akakunja uso vilevile, kisha akakata bonge jingine la udongo kwa ajili ya kifuniko.