Taa Iliyokataa Kuwaka

Vita ilipofika Kisangani, mimi fundi wa redio sikuwa na silaha yoyote, ila akili nilikuwa nayo, au ndivyo nilivyojidanganya.

Rafiki yangu aliishi nyumba ya nne kutoka kwetu, pale Tshopo, kando ya barabara waliyopita askari. Yeye angewaona kwanza. Binamu yake wa Yanonge alikuwa na mtumbwi, tukapatana kwamba hatari ikija familia zetu zitavuka mto pamoja. Mama yangu hakuweza kutembea. Tulihitaji muda wa kumbeba.

Nikavuta waya kutoka kwake hadi kwetu, nikang'oa transista, kidude cha kufungulia na kufungia njia ya umeme, kwenye redio mbovu. Taa ya kawaida huwaka umeme ukija. Yangu niliigeuza. Betri zake zikiwa zimeunganishwa kwenye waya, transista inaupitisha pembeni umeme wa betri zangu, na taa yangu nyekundu inabaki imezima. Akizitoa, taa inawaka. Hata waya ukikatwa na bomu, inawaka. Nilijisifu mpaka mke wangu akachoka kunisikiliza.

Rafiki yangu aliielewa haraka, kwa sababu nilimfundisha mwenyewe.

"Ndeko, siku nitakimbia nitabeba mapile yangu," aliniambia, yaani betri zake; ndeko, ndugu, ndivyo tulivyoitana. "Taa yako itawaka yenyewe. Donc, usiogope."

"Na kama haiwake?"

"Bon, njo kusema miko hapa." Taa ikizima, basi yeye bado yupo.

Betri zilikuwa adimu. Zilizochoka alizianika juani juu ya bati, kama sisi sote, zipate nguvu ya siku moja tena. Nilimhurumia.

Asubuhi mabomu yalipoanza tulikuwa tunakunywa chai. Mke wangu alimfunga mama mgongoni kwangu kwa kitenge.

"Twende!"

Nikaitazama taa. Imezima.

"Tungojee," nikasema. "Ndeko angali iko kule."

Tulingoja. Bomu likaanguka uani, kipande kikampata mama pajani. Alikufa kesho yake chini ya kitanda, akiomba maji, na maji hatukuwa nayo.

Milio ilipotulia nikaufuata waya. Ulikuwa mzima kabisa. Kwake mlango ulikuwa wazi, na vyungu, magodoro, hata picha za ukutani zilikuwa zimechukuliwa. Mtu aliyeshtuliwa na mabomu hakumbuki picha. Jirani akaniambia kwamba walihama siku moja kabla, na mtumbwi ulijaa ndugu za mkewe.

Juu ya meza waya ulikuwa bado umefungwa kwenye betri nne. Mpya, zinang'aa. Sikuwa nimeona betri mpya kwa miezi mingi. Yule bahili wa kuanika betri aliniachia zote nne, ili nisijue kwamba ameondoka. Sijamsamehe, na sina mpango huo.

Nikazing'oa kwa nguvu. Kutoka nyumbani nikamsikia mke wangu akipiga kelele kwamba taa imewaka, tukimbie.