Mafuta Niliyokataa Kuyamwaga

Kuna Jumapili moja, mwanangu, ambayo hadi leo nikifumba macho inarudi yenyewe, bila kuitwa. Naona ukungu ukiachana taratibu na maji ya ziwa Tshangalele, naona akina mama wakipanga samaki kwenye vichanja, na nasikia gari la marehemu baba yako likipanda kilima, turbo yake ikipiga mluzi. Mimi ndiye niliyeshika usukani. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na akili haikuzidi ya kuku. Weka simu chini basi, unisikilize. Gari lako jipya halikimbii popote.

Baba yako alikuwa yaya wangu, kaka yangu mkubwa, na yeye ndiye aliyenilea baada ya wazazi wetu kufariki. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma pale mtaa wa Panda, na katika maisha yake yote alijinunulia anasa moja tu: lile gari jekundu, fupi, lenye mbio za ajabu. Likipita, watu walitoka nje kulitazama. Wiki moja kabla ya malaria kumchukua, alilifanyia vidanje mwenyewe: akamwaga mafuta ya zamani ya motere, ndiyo injini, akatia mapya na filta mpya. Kisha akaandika kwenye kikaratasi kilometa za vidanje itakayofuata, akakibandika chini ya boneti, kama mafundi wetu wote hapa Likasi wanavyofanya. Siku saba baadaye tulimzika.

Kilio kilipoisha, wazee wa familia walikaa. Wengine walitaka gari liuzwe. Mama yako alikuwa na mimba yako ya miezi mitano, na siku ile alisema maneno mafupi tu: "Hii gari ni ya mutoto. Baba yake hakumuachia kingine." Wakanikabidhi funguo, nilitunze mpaka ukue. Unanielewa? Lilikuwa lako kabla hujazaliwa.

Sasa sikia upumbavu wangu. Kilometa zile zilipofika, nilifungua boneti, nikasoma mwandiko wa yaya, nikashindwa. Yale mafuta mle ndani aliyamimina yeye. Nikiyamwaga, na kikaratasi kikabanduliwa, nitabaki na nini cha mkono wake? Nikafunga boneti, nikaondoka. Mafuta yakipungua nilikuwa naongezea juu kidogo kidogo, tena mafuta mazito ya malori, yale wanayouza kwa chupa sokoni Panda. Nilijidanganya kwamba yakiwa mazito ndiyo yana nguvu.

Kilometa za kwenye kikaratasi zikapita, zikaja nyingine na nyingine. Niliendesha kama mtu aliye ndotoni. Mijakaranda ilikuwa imechanua, barabara imejaa maua ya zambarau, na mimi naongea na yaya njia nzima. Kuna siku, usinicheke, nilisogea kidogo ili apate pa kuweka kiwiko chake. Nilikuwa na furaha kabisa. Ndiyo ubaya wake, maana chini yangu gari lilikuwa linakufa na mimi nasikia muziki.

Jumapili ile, nikirudi kutoka Tshangalele peke yangu, taa nyekundu ya mafuta ikawaka. Nikasema, aa, kidogo tu nitafika. Mluzi ukageuka mkwaruzo wa chuma, moshi wa buluu ukafunika barabara nyuma yangu, ndipo nikazima. Lori la mchanga likanivuta hadi Panda, kwa Mzee Ngoy, fundi aliyestaafu kwenye viwanda vya shaba. Nilimkuta uani, ametoka kanisani, bado amevaa tai.

Alivua tai, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni. Akafungua kifuniko cha kujazia mafuta, akaingiza kidole. Kidole kilitoka na kitu cheusi, kizito kama mboga ya sombe iliyosahaulika motoni.

"Hii mafuta iko na miezi ngapi mu motere?"

"Ni ya yaya, mzee."

"Minye siulize ni ya nani! Nauliza miezi."

"Aliiweka yeye mwenyewe, na mikono yake. Siwezi kuimwanga."

Nilijua sasa natukanwa. Mzee Ngoy alikuwa mkali, aliwahi kumfukuza mteja uani kwake akiwa na spana mkononi. Lakini aliinama chini ya boneti. Akakipangusa vumbi kile kikaratasi kwa kidole gumba.

"Nani aliandika hapa?"

"Yaya."

"Bon. Yaya yako alikuandikia barua, weye ukaifanya foto ya kutazama. Anakuambia, kilometa zikifika hapa, mwanga mafuta. Anakuambia na mukono yake! Weye unakatala kumusikia, halafu unasema unamupenda?"

Akanitia spana mkononi, akasukuma beseni chini ya motere. "Fungua weye mwenyewe."

Nililala chali kwenye vumbi, nikailegeza ile bolti. Mafuta yakatoka polepole, yakikatika, yakianza tena. Nililia, mwanangu. Nililia kuliko nilivyolia makaburini. Mzee alichuchumaa pembeni yangu, na suruali yake ya kanisani, hadi tone la mwisho.

Motere ilipona. Turbo haikupona. Mhimili wake ulikuwa umelika kwa kukosa mafuta ya kuutelezesha. Baadaye tulipata nyingine ya mtumba, na gari likatembea, lakini lilikuwa bubu. Ule mluzi uliomtangulia baba yako mtaani, mama yako akausikia na kuanza kusonga bukari, haukurudi tena.

Sasa na wewe umejiletea gari la turbo kupitia mpaka wa Kasumbalesa, na jana nimekusikia ukijigamba mbele ya wenzako kwamba kitabu chake kinasema vidanje ni kila kilometa elfu kumi. Kitabu kiliandikwa kwa barabara zao. Hakikujua vumbi la njia ya Kambove, wala kusota nyuma ya malori ya madini huku motere inaunguruma bure. Wewe fanya vidanje kila kilometa elfu tano, au miezi sita, kitakachotangulia, na filta ubadilishe kila mara. Kwa aina ya mafuta, hapo mtii kitabu kabisa: chukua ya sintetiki, yenye namba zilezile kilizoandika. Mtu asikudanganye kwamba mazito ni bora. Turbo inazunguka kwa kasi kubwa mno, na mafuta mazito yanachelewa kuifikia, hasa asubuhi za baridi yetu ya Juni. Bidoni ya mafuta ikiwa muhuri wake umeguswa, iache palepale dukani, hata kama muuzaji ni shemeji yako. Pima mafuta kila wiki, gari likiwa mahali pa tambarare. Ukitoka kulikimbiza usilizime ghafla, liache lipumue dakika mbili. Na siku ya vidanje ikifika, mwaga. Hata kama mafuta hayo niliyatia mimi, hata kama mimi sipo tena, mwaga, utie yako.

Lakini sikukuita kwa hayo tu. Ulipokuwa mdogo, watu wa Panda walikuambia gari la baba yako lilikuwa likipiga mluzi, ukaja kuniuliza mbona sasa halipigi. Nilikujibu kwamba watu wanapenda kutia chumvi. Mama yako naye nilimwambia turbo ilikuwa mbovu tangu zamani. Si kweli. Ilikuwa nzima, ilikuwa yako, na niliiua mimi kwa kumpenda yaya vibaya. Miaka yote hii umekula mezani kwangu ukiniita baba, na mimi nimekaa na uongo huo tumboni. Nisamehe, mwanangu.

Nenda sasa, kabla sijaanza kulia mbele yako. Mungu akufungulie njia, akuepushe na mashimo na malori yasiyo na breki. Akupe moyo wa kutunza, akupe na mkono wa kuachilia. Na kila jioni, wanaokungoja nyumbani wakusikie unakuja kabla hujafika mlangoni.