Nesi Alipoamua Kupiga

Wifi yangu anafanya kazi kliniki ya meno, na kazi yake ni kunyamaza. Ndivyo ninavyowajibu wanaoniuliza. Daktari anang'oa, yeye anashika mpira wa kunyonya mate. Daktari ananyoosha mkono bila kutazama, koleo limeshafika kiganjani. Siku niliyong'olewa jino mimi mwenyewe nilitetemeka mpaka kile kiti kikawa kinalia, na wifi hakuniambia hata pole. Alinishika bega, akauacha mkono pale mpaka jino likalala kwenye kisahani. Tulipotoka nilimwambia mdomo wake una kufuli na ufunguo ameumeza. Akacheka kwa pua, basi.

Anaishi kwetu, chumba cha uani, tangu ndoa yake ilipovunjika. Watu walinionya kwamba mawifi wawili hawakai nyumba moja. Niliwajibu zimwi likujualo halikuli likakwisha, na mpaka leo hajanila hata kidole. Shida yetu ni moja na tunayo pamoja: kaka yake, ambaye ni mume wangu.

Hawajagombana, na afadhali wangegombana. Mume wangu ni fundi wa majokofu. Anaweza kushinda na jokofu bovu asubuhi nzima, analibembeleza na kulisemesha. Dada yake akiingia, maneno yanamwishia. Anamuuliza kama amekula, anajibiwa kwamba amekula, na mlango umefungwa. Imekuwa hivyo tangu mama yao alipofariki. Dada ndiye aliyemuuguza mwanzo hadi mwisho. Kaka alifika mama ameshafunikwa shuka. Hakuna aliyemlaumu mwenzake na hakuna aliyeuliza kitu. Wakazika, wakanyamaza, na mimi nikabaki katikati nikipakua chakula.

Kinachowakutanisha ni mchezo wa mazimwi. Nikiwaambia wanawake wenzangu kwamba watu wazima wawili, mmoja ana mvi, wanabanana kwenye kochi kila Jumamosi kupiganisha mazimwi kwenye skrini, wanadhani nawasengenya. Lakini ndivyo. Ni wawili dhidi ya wawili. Kila mtu ana zimwi lake, na kila zamu wote wanachagua kwa siri la kufanya, kisha wanatazama yaliyotokea. Zimwi la mume wangu ni Radi. Anahitaji zamu nzima kukusanya umeme, na zamu inayofuata anaushusha wote kwa mkupuo. Zimwi la dada yake ni Nesi. Jina alimpa mwenyewe, kwa sababu kazi yake ni kumwekea Radi ngao wakati anakusanya umeme, na kumtibu akiumia. Basi kochini kaka anasema "ngao", dada anasema "sawa". Kaka anasema "tibu", dada anasema "sawa". Unaweza kuona ni maneno machache. Ndani ya nyumba yangu yalikuwa karamu. Kuna siku nilimsikia mume wangu akicheka, nikatoka jikoni kuhakikisha kwamba ni yeye.

Sasa mimi ni mtu wa wasiwasi. Simu ikilia mapema nawaza msiba; isipolia nawaza msiba mkubwa zaidi. Fikiria basi hali yangu msimu huu, walipoingia kwenye ligi ya mtaa na kuanza kupoteza, halafu kila mmoja kwa wakati wake akaja kuniwekea siri yake kifuani.

Wa kwanza alikuwa mume wangu. Aliniambia huku anavua viatu kwamba wakitolewa kwenye mechi ya Jumamosi, msimu ujao atacheza na Fundi Lifti. Huyo ni mwenzake wa kazini, mtu wa vicheko vikubwa, zimwi lake linapiga kuliko la kila mtu. Nikamuuliza, na dada yako? Akasema dada yake atapumzika. Nikamwambia atapumzika na nani, maana hapa nyumbani hakuna mwingine anayekaa naye. Akaniambia nisifanye mchezo kuwa mambo makubwa.

Wa pili alikuwa wifi. Alinikuta naanika nguo, akashika ncha ya pili ya shuka, akasema amembadilisha Nesi. Ilibidi anieleze mara mbili. Kila zimwi lina kiasi chake cha mazoezi, na mwenye nalo ndiye anayeamua: ukiyatia kwenye ngozi, linavumilia kipigo, ukiyatia kwenye nguvu, linapiga. Ya Nesi yote yalikuwa kwenye ngozi. Wifi ameyaondoa yote, ameyatia kwenye nguvu. Sasa Nesi hana ngao tena. Ana pigo la vumbi linalowaumiza maadui wote wawili kwa pamoja na kuwafanya wazito, ili Radi awatangulie kwa mbali na kuwamaliza. Bado ni msaidizi, akasema. Ila anasaidia kwa kupiga.

"Kaka yako anajua?" nikauliza.

"Atakataa," akasema. "Wifi, kukinga hakushindi mechi. Kunachelewesha tu kushindwa. Sisi tunakufa polepole kila wiki, na yeye haoni, kwa sababu anayekufa kwanza ni mimi."

Nilimsihi amwambie. Nilimkumbusha kwamba siku ya mashindano, pea ikishakaa mezani na kutaja mazimwi yake, kusemezana ni marufuku. Hakuna neno, hakuna kukonyeza, mwamuzi amesimama nyuma yenu. Akaahidi atamwambia Jumamosi hiyohiyo kabla ya kukaa. Nikaona afadhali. Kisha nikalala nikiwaza mimi na siri zangu mbili, kila moja ina mwenyewe, mmoja kitandani kwangu na mwingine chumba cha uani.

Jumamosi ilifika, na wifi hakufika. Ukumbi uko juu ya duka la makochi, unapanda ngazi ya chuma. Nyaya zimebandikwa sakafuni kwa utepe wa gundi, viti ni vya plastiki, mbele kuna skrini kubwa ya kutuonyesha sisi watazamaji. Mume wangu alishakaa. Mwamuzi, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alitazama saa yake, akamtazama, akaitazama tena. Wapinzani wao, mke na mume waliovaa fulana za kufanana, walikuwa wanapiga miayo kwa heshima. Nilipiga simu kliniki, nikaambiwa kuna jino limekatikia ndani na wifi bado ameshika mpira.

Wifi aliingia wakati mwamuzi ameshashika kalamu ya kuwafuta kwenye orodha. Bado alikuwa na kofia ya kazini kichwani. Akakaa, akashusha pumzi, akamgeukia kaka yake na kufungua mdomo. Mwamuzi akagonga meza: pea imekamilika, kimya. Wifi akanitafuta kwa macho pale kwenye viti. Nikatazama sakafu. Ningefanya nini? Kama ningepiga kelele wangetolewa hapohapo.

Zamu ya kwanza Radi alianza kukusanya umeme, kama kawaida yake, mwili wote wazi, maana alijua ngao inakuja. Haikuja. Nesi alisogea mbele badala ya nyuma, akapiga ardhi, na vumbi likawafunika maadui wote wawili. Lilipotulia, wote walikuwa wamepungukiwa na uhai na wanaburuta miguu. Kabla vumbi halijawakolea, mmoja wao alikuwa ameshamfikia Radi na kumlamba pigo lililomwacha na chini ya nusu. Ukumbi ukaguna.

Mume wangu aligeuza shingo, akamtazama dada yake. Nimekaa na huyu mtu miaka, najua nyuso zake zote, na huu sikuwa nimewahi kuuona. Aliogopa. Alidhani dada amebonyeza vibaya, kwamba amechoka, ametoka kwenye damu ya watu na mikono haijatulia. Naye wifi alikuwa ametulia kabisa, anatazama mbele. Mwamuzi akamgusa mume wangu bega: tazama skrini yako.

Hapo sasa. Alitakiwa kufanya jambo moja tu. Umeme ulikuwa umeshajaa, maadui walikuwa wazito na wameumia, Radi angewatangulia wote. Angeushusha, mechi ingekuwa imekwisha. Mimi nisiyejua kushika hata kidude cha kuchezea nililiona, na nilikuwa nasema moyoni piga, piga, baba, piga. Yeye akatengua. Aliuacha umeme wote upotee, akamkunja Radi kujikinga.

Zamu hiyohiyo Nesi alipiga peke yake, akamwangusha adui mmoja. Mtu nyuma yangu alisema "duh", akasimama ili aone vizuri. Lakini yule adui wa pili alikuwa bado amesimama, na Nesi hakuwa na ngozi ya kuvumilia chochote. Pigo moja, akalala. Radi alibaki peke yake, hana umeme, hana wa kumtibu. Akaanza kukusanya upya. Hakuachiwa nafasi ya kuushusha.

Wakapeana mikono na wenye fulana. Tukatoka hadi kibarazani, juu ya ile ngazi ya chuma, na nikajua sasa ndiyo imekwisha. Wametolewa. Nilishaanza kuhesabu Jumamosi zitakavyokuwa: wifi uani, kaka yake kwenye kochi na mgeni, mimi napeleka sahani huku na huku.

"Ulibonyeza vibaya?" mume wangu akauliza.

Wifi akavua kofia yake ya kazini, akaikunja vizuri. Akasema hapana. Akaeleza, kwa sauti ileile aliyonieleza mimi kwenye kamba ya nguo, mambo ya ngozi na nguvu na vumbi. Mume wangu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanigeukia mimi, akasema kwa hiyo na wewe ulijua. Nikasema nilijua. Nilijua pia lile jingine, na nilikuwa naomba lipite lisionekane.

Halikupita. Aliyekuwa amesimama nyuma yangu ukumbini ni Fundi Lifti, na sasa alitoka mlangoni na kicheko chake chote. Nikadhani amekuja kumchukua mume wangu. Alimpita. Alikwenda moja kwa moja kwa wifi, akampa mkono, akamwambia hajawahi kuona nesi anayepiga namna ile, na kwamba angekuwa yeye na zimwi lake pale pembeni, wale wenye fulana wangekwenda nyumbani mapema. Halafu akamgeukia mume wangu, bila ubaya wowote, mtu asiyejua anakanyaga wapi.

"Fundi, si ulisema msimu ujao unamwacha dada yako? Basi niachie mimi."

Nilishika reli ya ngazi. Wifi alimtazama kaka yake, akanitazama na mimi, na kwenye uso wangu akasoma kwamba ni kweli na kwamba nilijua. Fundi Lifti naye alishtukia kitu, akasema atatungoja chini, akashuka ngazi kwa kishindo.

"Ulisema?" wifi akauliza.

"Nilisema." Mume wangu alikuwa anafuta viganja kwenye suruali. "Nilidhani unacheza kwa kunionea huruma. Kila kitu unanikinga. Hata hunifokei. Nikafikiri huyu amechoka na mimi, ananiuguza tu kama alivyomuuguza mama."

Lilikuwa limetoka. Neno mama halikuwa limetamkwa kati yao tangu msibani. Nilitamani kuondoka na nilitamani kubaki, na miguu ikaamua kubaki.

Wifi aliegemea reli. Kisha akasema, "Alikuulizia."

Mume wangu aliacha kufuta viganja.

"Asubuhi ile ya mwisho. Alikuulizia mara nyingi. Nilikuwa sijui uko wapi, sikujua hata kama umetoka nyumbani. Nikamwambia uko njiani." Akaikunjua kofia, akaikunja tena. "Nilimdanganya mama, kaka. Nilimwambia uko njiani, karibu unafika. Akatulia. Akafumba macho anakungoja. Hilo ndilo lililonifunga mdomo, sikuwa na hasira na wewe. Nilidanganya mtu anayekufa."

Mume wangu alikaa kwenye ngazi, akakamata kichwa. Nilidhani analia, na alikuwa analia, lakini alikuwa pia anatikisa kichwa kama mtu anayekataa kitu.

"Hukumdanganya," akasema. "Nilikuwa njiani."

Wifi akanigeukia mimi, haraka, kama anayetaka shahidi. Nikamwambia ni kweli. Tulikuwa wote wawili, tulitoka kabla hakujapambazuka, na kwenye basi nilikuwa nimemshikia viatu mapajani kwa sababu alitoka pekupeku.