Takia la Udi na Lori la Petroli

Harufu ndiyo inayotangulia. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, siku ya Ijumaa, harufu ya udi inaingia katika ua wa ghala nyuma ya bandari ya Mahajanga, na baada yake anaingia mtu mrefu aliyejitwika takia jeusi la kiti cha gari.

Analishika kwa mkono mmoja, kama wanawake wanavyoshika kapu la mchele kichwani. Anafungua mlango wa lori, analiweka takia mahali pake, analipigapiga mara mbili kwa kiganja. Ndipo anapowasalimu waliopo.

Jina lake Athoumani Msa. Ana miaka arobaini na tisa, na kazi yake ni kuendesha lori linalovuta tela. Leo ni siku ya mwisho ya mwezi wake wa majaribio. Injini ikimzimikia tena kwenye mwinuko wa Belobaka, lori atapewa dereva mwingine, naye atarudi Nosy Be kutafuta kazi ya kubeba mizigo.

"Kubeba naweza," anasema, akitazama mikono yake. "Lakini mimi ni dereva."

Nyumbani kwake husemwa Kikomori, na hapa ghalani Kimalagasi. Maneno yake nimeyaweka kwa Kiswahili kadiri nilivyoweza.

Kwa miaka kumi na moja Athoumani aliendesha lori la dizeli kisiwani Nosy Be. Msimu wa miwa alivuta matela ya miwa. Msimu ukiisha alibeba chumvi, mbao na samaki wakavu kati ya Ambanoro na Andoany. Lilikuwa lori zito lenye moshi mweusi, na watoto wa Ambanoro walilijua kwa mngurumo kabla halijatokeza.

"Dizeli ni kama punda mzee," anasema. "Unamtia gia ya pili, unatulia. Atakohoa, atatetemeka, lakini mlima ataupanda. Ukimharakisha anakukasirikia."

Mwaka jana, mwaka wa kwanza baada ya uhuru, pampu ya lori lile iliharibika. Kipuri kiliagizwa ng'ambo. Miezi saba ilipita bila kipuri kufika. Tajiri akachoka kungoja, akafunga kazi ya kisiwani, akanunua malori mawili ya petroli hapa Mahajanga. Lile la dizeli limebaki Andoany, limewekwa juu ya mawe, halina magurudumu.

Athoumani alivuka bahari na mama yake, Bibi Koulsoum, pamoja na sanduku moja la nguo na chetezo cha udongo.

Chetezo hicho kina habari yake. Kule kisiwani, kila Ijumaa asubuhi, Bibi Koulsoum alitia makaa na udi, akalizunguka lori mara tatu. Alikipitisha chetezo chini ya injini, akakiinua hadi kwenye mdomo wa tangi la mafuta, akisoma dua. Hakuna Ijumaa aliyoikosa. Na dizeli haikujali. Athoumani mwenyewe, jioni ikiingia, alikuwa akiwasha kiberiti kuchungulia mafuta yamebaki kiasi gani.

"Njiti ikiangukia dizeli, njiti ndiyo inayokufa," anasema.

Siku ya kwanza alipoingia katika ua huu alitoa kiberiti kwa mazoea hayo hayo. Daoud, dereva wa lori la pili, ambaye amezaliwa hapa na hajawahi kuendesha kitu kingine ila petroli, alimshika mkono.

"Kaka, kule kwenu mnapika kwa hiyo dizeli?"

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hili ukilitupia njiti, hatutakuwa na wa kumzika. Tutafagia."

Athoumani alicheka, kisha akakirudisha kiberiti mfukoni. Tangu siku hiyo hajavuta sigara. Msimamizi wa ghala, Fazul, aliwakusanya wafanyakazi wote, hata sisi wanawake tunaoshona magunia karibu na geti, akatuambia kuwa ndani ya ua huu usiingie moto wa aina yoyote.

Mtu mmoja tu hakuwapo aambiwe. Bibi Koulsoum alikuwa nyumbani. Mwanawe alimweleza kuwa amepewa lori jingine. Hakumweleza kuwa hili linakunywa kitu kingine. Kwa mama, lori ni lori.

Ijumaa ya kwanza Daoud alikuwa ametoka kumimina petroli kutoka pipani kwa mpira. Ardhi ilikuwa imelowa, pipa liko wazi. Athoumani alikuwa juu ya tela akikaza kamba. Bibi Koulsoum akaingia kwa geti, chetezo amekifunika kwa upindo wa shiromani, nguo aliyojitanda, ili upepo usipeperushe majivu.

Athoumani alinusa udi kabla ya kumwona. Hakupiga kelele. Aliruka chini, akaenda mbele ya mama yake, akamshika viwiko.

"Mama, turudi nyuma. Taratibu. Nyuma tu."

"Sijazunguka bado."

"Najua, mama. Nyuma."

Wakarudi hivyo, mama akienda kinyumenyume na mwanawe akimwongoza, hadi nje ya geti, hadi ng'ambo ya barabara. Makaa yakamwagwa mchangani. Ndipo Athoumani akaketi chini ukutani.

Bibi Koulsoum hakuogopa. Alikasirika.

"Miaka kumi na moja nimekufukizia," alimwambia mbele za watu. "Ulipinduka? Ulivunjika hata kidole? Leo moshi wangu umekuwa sumu?"

"Si moshi, mama. Ni kaa."

"Lori lisilotaka kuombewa si la kupanda mtoto wa mtu."

Wiki hiyo Athoumani aliondoka bila udi, na mama yake hakusema naye siku mbili. Safari ile injini ilimzimikia mara mbili kwenye mwinuko wa Belobaka, tela lina tani nne za mchele nyuma yake. Mara zote mbili Daoud alishuka kutoka lori lake na kuweka mawe chini ya magurudumu. Fazul aliandika katika daftari lake.

Safari ya pili jua lilikuwa kali, petroli ikachemka ndani ya bomba, injini ikanyamaza katikati ya mlima. Daoud alimfundisha kulifunga bomba kwa kitambaa cha maji. Fazul akaandika tena.

"Kosa halikuwa la lori," anasema Athoumani. "Kosa ni mguu huu. Una miaka kumi na moja ya dizeli. Unaniambia ngoja, itapanda. Petroli ukiingoja, inakufa. Yataka uibadilishie gia mapema, ingali na nguvu, hata kama masikio yako yanasema bado."

Basi akaanza kujifunza upya, mtu mwenye mvi. Jioni baada ya kazi alikaa ndani ya lori lililosimama, injini ikiunguruma, macho amefumba, akisikiliza. Wapakiaji walimcheka. Walimwita Dizeli, wakasema anasinzia.

Na ni mama yake aliyepata njia ya jambo lile jingine, la udi. Alhamisi moja aliuliza, "Wewe unakaa juu ya nini humo ndani?"

"Takia."

"Linatoka?"

Linatoka. Limefungwa kwa skrubu nne. Tangu hapo kila Alhamisi jioni Athoumani hulibeba takia hadi nyumbani. Bibi Koulsoum hulifukiza uani, hulisomea, kisha hulipapasa lote kwa kiganja kuhakikisha hakuna cheche iliyobaki. Takia hulala limening'inia kwenye kamba ya nguo. Ijumaa linarudi kazini kichwani kwa dereva.

Leo saa mbili lori linatoka. Fazul ameketi mbele na daftari lake. Mimi na wenzangu tuko juu ya magunia kwenye tela, maana yakipasuka njiani ni juu yetu kuyashona. Daoud yuko nyuma yetu na lori lake.

Mwinuko unaanza kabla ya nyumba za kwanza za Belobaka. Kabla tela halijaukanyaga tunasikia gia ikishuka, mapema sana, na injini inapanda sauti kama mtu anayejaza pumzi. Lori linakwenda.

Katikati ya mlima ng'ombe wa nundu wanaingia barabarani, ishirini au zaidi. Athoumani anafunga breki. Lori linasimama, tela linavuta nyuma, vyuma vinalia chini yetu.

Sijui kama wasomaji wamewahi kukaa juu ya tani nne zinazotaka kurudi zilikotoka. Daoud ameshashuka nyuma yetu na jiwe mikononi. Ng'ombe wanapita mmoja mmoja, wala hawana haraka.

Kisha barabara iko wazi. Injini inapanda sauti, juu, juu zaidi, tunadhani itapasuka. Kwa kitambo hakuna kinachosogea. Halafu breki ya mkono inaachiliwa, na tela lote, mchele na wanawake na vyuma, linakwenda mbele. Halikurudi hata upana wa kidole. Nilitazama gurudumu.

Daoud amebaki barabarani na jiwe lake. Analitupa kando, anacheka.

Kileleni Fazul anashuka, anatazama tela, anamtazama dereva.

"Nani alikufundisha kuondoka hivyo?"

"Ninyi hapa. Na mama."

Fazul anafunga daftari bila kuandika. Kwa watu wa ua huu, hilo ndilo jibu. Lori ni lake, na faranga elfu kumi na mbili za mwezi ni zake.

Athoumani anafungua kitambaa cha bomba, anakikamua, anakilowesha tena. Namuuliza anataka nini sasa. Anatazama barabara tuliyoipanda.

"Mama yangu amefukiza magari miaka kumi na moja," anasema. "Hajapanda hata moja. Ramadhani ikiisha nitamkalisha mbele nimlete hadi hapa juu, aone moshi wake unafika wapi."

Kisha anarudi kwenye kiti chake chenye harufu ya nyumbani kwao, nasi tunapanda juu ya magunia.

Lipo jambo moja ambalo sikumwambia, pale kileleni wala siku nyingine. Ijumaa ile ya kwanza, aliyekuwa karibu na geti ni mimi. Bibi Koulsoum alinipita umbali wa hatua mbili tu. Niliona kaa jekundu chini ya upindo wa shiromani, na petroli nilikuwa naisikia puani. Nilikuwa nimeambiwa. Neno lilikuwa mdomoni, nikaona haya kumsimamisha mtu mzima, nikainama kwenye gunia langu nikaendelea kushona.

Athoumani alikuwa mbali, juu ya tela, na ndiye aliyefika. Kila asubuhi hunisalimu kwa heshima, nami huitikia nikiwa nimetazama sindano.

Bibi Koulsoum, neno lenyewe lilikuwa simama.