Kidole cha Chini ya Kitambaa

Pindo hakuwa mtu wa kumwazima mwenzake mkasi. Ungemwomba figo angefikiria, lakini mkasi wake usingeugusa. Alikuwa ameshona nguo za watu kwa miaka ishirini na mbili katika chumba kimoja cha kona, dirisha likitazama barabara, meza ya kukatia katikati, cherehani karibu na mwanga. Jina la Pindo alipewa na wateja, kwa sababu pindo la nguo yake halionekani uzi hata uutafute juani. Na ndani ya kila pindo, mahali ambapo mvaaji mwenyewe hana habari napo, alitia mishono mitatu midogo ya uzi mwekundu. Hiyo ndiyo ilikuwa sahihi yake, na hakupenda kuulizwa habari zake.

Mtu huyo ndiye aliyeangukiwa na kioo. Kile kioo kirefu cha wateja kujitazamia kilichomoka kwenye msumari, akakidaka kwa mkono wa kushoto, nacho kikampasua kwenye kifundo cha mkono. Hospitali walimshona. Yeye mwenyewe alisema baadaye kwamba mshono wao haukuwa mbaya, ila uzi walikaza mno. Lakini chini ya ngozi kilikuwa kimekatika kitu ambacho Pindo hajawahi kukitia sindano: mshipa wa fahamu unaokwenda kwenye kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete. Daktari wa upasuaji aliziunganisha ncha mbili za mshipa, akafunga bendeji, akasema ni kusubiri. Vidole vilikuwepo pale pale, ila ukivigusa ni kama umegusa vya jirani. Kidole kidogo tu ndicho kilichopona, maana kina mshipa wake.

"Kwani mkono wa kushoto una kazi gani?" Pindo alijipa moyo. "Sindano naishika kwa kulia."

Mumewe, mchomeleaji wa mageti, hakumsikiliza. Alimwita dada yake mdogo, ambaye naye alijua kushona, aje ashike kazi mpaka mke apone. Akaja na begi moja na kicheko kinachosikika duka la tatu. Pindo alimkaribisha kwa mdomo. Rohoni hakumkaribisha hata kidogo.

Wivu ulianzia kwenye mto. Kiti cha cherehani kilikuwa na mto uliobonyea kwa makalio ya Pindo tangu enzi na enzi. Wifi alikalia dakika tano, akainuka, akaugeuza mto juu chini.

"Samahani wifi, mgongo unaniuma nikikaa hivi."

"Geuza tu," Pindo alisema, na chakula cha mchana akakisukuma pembeni.

Kisha wakaja wateja. Yule wifi alikuwa anawauliza habari za watoto, anawapima huku anawatania, na watu waliozoea kuja kuchukua nguo na kuondoka wakaanza kukaa. Mama mmoja, mteja wa miaka kumi, alijigeuza mbele ya kioo kipya akasema, "Jamani, huyu wifi yako ana mkono!"

"Kila mtu ana mkono," Pindo akajibu, kisha akakumbuka wa kwake na kuuficha chini ya meza.

Kila baada ya wiki mbili alikwenda kliniki kwa Daktari wa Viungo, kijana mwembamba mwenye kalamu sikioni. Wifi alimsindikiza kumbebea mkoba. Hata huko alimpora Pindo nafasi.

"Huu mshipa si uzi mmoja," daktari alieleza siku ya kwanza. "Ni fungu la nyuzi, kila mmoja mwembamba kuliko unywele. Na kila uzi ni mkia wa seli moja tu. Mwili wa seli yenyewe uko huku." Akamgusa shingoni, kando ya uti wa mgongo.

Pindo akaupima mkono wake kwa macho ya fundi, kutoka shingo hadi kucha. "Seli moja ifike mpaka huku mwisho?"

"Moja. Ukigusa kitambaa kwa ncha ya kidole, habari inapita humo humo mpaka uti wa mgongo, kisha inapokelewa na seli nyingine mpaka ubongoni. Sasa kioo kimeikata njiani. Kipande cha mbele kimekufa. Cha nyuma kiko hai, kinaotesha uzi mpya. Milimita moja kwa siku."

Pindo alikuwa anafungua mdomo aulize. Wifi akamwahi. "Na huo uzi mpya unaijuaje njia?"

"Swali zuri sana hilo!" daktari akasema, akamgeukia wifi kabisa. Pindo akauma meno. "Kila uzi una seli nyingine ndogo zilizojiviringisha kuuzunguka, kuukinga na kuharakisha habari. Uzi ukifa, zile haziondoki. Zinazoa mabaki, zinajipanga mstari, zinashika njia ile ile mpaka uzi mpya upite. Ukishapita, zinauviringishia tena."

Halafu alianza kugonga. Kwa ncha ya kidole chake aligonga kutoka kwenye vidole vya Pindo kurudi kwenye kifundo, tuk, tuk, polepole, mpaka alipogonga mahali ambapo mchonyoto ulimruka Pindo kuelekea kidoleni kama amekanyaga waya wa umeme. "Hapo ndipo uzi umefika," alisema, akaweka nukta ya wino. Ilikuwa kando tu ya kovu, upande wa kiganjani.

Nukta zile ndizo zikawa kalenda ya Pindo. Alichukua futi ya kushonea akapima: kutoka kovu hadi ncha ya kidole cha shahada, sentimita kumi na nane. Miezi sita, na mwezi mmoja uliopotea kabla uzi haujaanza safari. Miezi saba wifi amekalia mto wake. Kila jioni alijigonga mwenyewe kiganjani akitafuta mchonyoto, na kila jioni ulikuwa pale pale ulipokuwa jana.

Mwezi wa nne tangu aumie, Matroni wa chuo cha wauguzi alileta kazi yake ya kila mwaka: magauni meupe thelathini na sita, matundu ya vifungo yashonwe kwa mkono. Kazi hiyo ilikuwa ya Pindo tangu Matroni akiwa hana mvi. Wifi aliyashona karibu yote. Matroni alipopita kuangalia, alivaa miwani, akayapapasa matundu, akasema mbele ya Pindo, bila nia mbaya yoyote, "Mwaka huu yametoka safi kuliko mwaka jana. Kesho mchana nakuja kuchukua."

Pindo alicheka naye. Usiku mzima aliyashona upya kichwani yale ya mwaka jana.

Kesho yake wifi alipotoka kununua vifungo, Pindo aliugeuza mto, akaketi, akachukua gauni la mwisho. Alikuwa ana lake moyoni: Matroni akija, akute tundu la Pindo pembeni ya tundu la wifi, aone tofauti. Mkono wa kulia ukaichukua sindano, wa kushoto ukaingia chini ya kitambaa kukishikilia, na kazi ikaenda. Ilienda vizuri ajabu. Hakuna lililomuuma, hakuna lililomsumbua. Alimaliza tundu la kwanza, la pili, la tatu, akaanza hata kuimba puani.

Wifi na Matroni waliingia pamoja wakicheka. Kile kicheko ndicho kilichomkera. Pindo akalinyanyua gauni juu wote walione, akaligeuza, na upande wa ndani, chini ya yale matundu, kulikuwa na madoa ya damu yamejipanga.

Hakufikiri hata sekunde kwamba gauni lile alikuwa nalo yeye. "Unaona, Matroni? Unaona kazi ya mtu unayemsifia? Nguo nyeupe ya muuguzi kaipaka damu! Wifi, ulikuwa unashona au unachinja?"

Wifi aliweka vifungo mezani. Alinyoosha vidole vyote kumi mbele yao, akavigeuza huku na huku. Havikuwa na hata mchubuko. Matroni, ambaye ni muuguzi, hata hakuvitazama. Aliushika mkono wa kushoto wa Pindo na kuugeuza kiganja juu. Kidole cha shahada kilikuwa kimetobolewa mara nane au tisa kwenye ncha, na damu ilikuwa ikidondokea kwenye sketi yake mwenyewe.

Pindo alikitazama kidole kile. Hakikumuuma hata wakati ule. Miaka ishirini na mbili ameamini mkono wa kulia ndio unaoshona, kumbe wa kulia unasukuma tu. Kidole cha chini ya kitambaa, kisichoonwa na mtu, ndicho kilichokuwa kikimwambia kila mara: imefika, rudi. Akatamani sakafu ipasuke immeze.

Matroni alimwosha na kumfunga. Wifi alichukua maji baridi na sabuni akaanza kuyasugua madoa. Ili tu apate pa kuficha uso, Pindo akavuta rundo la magauni yaliyokwisha akajitia anayahesabu. Ukweli ni kwamba alikuwa anatafuta kosa. Alijua, kwa hakika kabisa, kwamba wifi atakuwa ametia alama yake mwenyewe. Akapindua pindo la kwanza.

Mishono mitatu myekundu.

La pili, mitatu. La kumi, mitatu. Alipindua yote.

"Alama hii nani kakuonyesha?" sauti ilimtoka ndogo.

"Niliiona kwenye nguo zako."

"Hizi si zangu. Umeshona wewe."

"Sasa nitie yangu ili vifungo vikikatika waje wanitafute mimi?" Matroni alicheka, lakini wifi safari hii hakucheka. Aliendelea kusugua. "Watu wanaleta nguo kwa Pindo, wifi. Mimi nimekaa hapo tu wasije wakazoea kupitiliza kwa mafundi wengine."

Pindo alitaka kusema nisamehe. Lililotoka ni, "Mshono wa tatu unaukaza mno."

"Nitaulegeza."

Kuanzia siku hiyo walikaa wawili, mmoja anakata kwa mkono wa kulia, mwingine anashona, na mto ukawa unageuzwa mara moja kwa siku bila mtu kuulizwa. Nisikudanganye kwamba wivu uliisha. Mwezi wa saba fundi wa ng'ambo ya barabara, mwenye vyerehani vinne, alikuja mwenyewe na suti yake akasimama mlangoni. "Siku Pindo akipona, dada, mimi nakuhitaji." Wifi akasema atafikiria. Pindo alikosa hamu ya kula siku tatu. Ulikuwa wivu ule ule, ila sasa ulimgeukia fundi wa ng'ambo.

Walipokwenda kliniki, nukta ya mwisho ilikuwa chini kidogo ya ukucha. Daktari alimwambia Pindo afumbe macho, akachukua pamba. Nyuma yake alimsikia wifi akisema, "Akisikia leo tu, daktari, Jumatatu naanza ng'ambo."

Pamba ikagusa ncha ya kidole. Ilikuwa kama sisimizi anapita, dhahiri kabisa, kitu alichokingoja siku mia mbili na kumi.

"Umesikia?"

"Sijasikia."

Daktari akagusa tena. Kidole kikaruka chenyewe. "Na hapa?"

"Wala."

Wifi akashusha pumzi. "Basi itabidi wa ng'ambo wasubiri."

Daktari alikitazama kile kidole kilichojikunja, akamtazama wifi, akairudisha kalamu sikioni bila kuweka nukta. "Vingine huchelewa," alisema.

"Vinachelewa sana," akasema Pindo, macho bado kayafumba.